Piano si mgeni Usukumani

Ukisema kwamba jioni ya muziki wa piano inafaa kuandaliwa Sola, kata ya wakulima na wafugaji wilayani Maswa, mkoani Simiyu, utajibiwa moja kati ya mawili. La kwanza ni kwamba muziki huo ni wa Wazungu na kumbi zao zilizonakshiwa, na mtu wa pamba na ng'ombe hana kazi nao. La pili, lenye huruma kidogo, ni kwamba muziki wenyewe ni mzuri ila watu hawajaandaliwa kuusikiliza. Jibu la kwanza linaidharau historia, la pili linawadharau watu. Piano ilipata umbo lake la leo kwa jasho la watu wa nyanda hizi kabla reli haijafika Tabora, na sikio linaloihukumu limekuwa likinolewa Usukumani kwa vizazi, kwenye viwanja vya ngoma na kwenye madawati ya kwaya. Kwa hiyo onyesho la piano Sola lisihesabiwe kuwa msaada wa watu wa mjini kwa watu wa shamba. Lina msingi uleule linaotegemea onyesho la London, na kwa upande mmoja msingi wa Sola ni wa kale zaidi.

Tuanze na chombo chenyewe. Piano ya kawaida ina vibonyezo 88, vyeupe 52 na vyeusi 36. Kila kibonyezo kinarusha nyundo ndogo iliyovikwa sufu iliyoshindiliwa, nayo nyundo inagonga nyuzi za chuma. Nyuzi hizo ni 230 hivi, na mvuto wake wote kwa pamoja unakaribia tani 20. Ndiyo maana ndani ya sanduku lile la mbao mna fremu nzito ya chuma. Bartolomeo Cristofori, fundi wa Florence, Italia, ndiye aliyebuni mtambo huo mnamo mwaka 1700. Lakini sehemu inayotuhusu zaidi ni ile ndogo kuliko zote, mahali kidole kinapokutana na chombo. Kwa zaidi ya karne moja vibonyezo vyeupe vya piano nzuri vilifunikwa kwa vipande vyembamba vya pembe za ndovu. Haikuwa kwa ajili ya urembo peke yake. Pembe haimtelezeshi mpigaji anapotoka jasho na wala haimgandi, na vidole huizoea upesi. Mafundi waligawa pembe katika aina mbili, ngumu na laini. Ile laini, isiyopasuka ovyo na inayokubali kukatwa hadi unene wa milimita moja hivi, ilitoka hasa Afrika Mashariki, na soko lake kuu lilikuwa Unguja.

Pembe haikujipeleka Unguja. Marekani ilitia saini mkataba wa biashara na Seyyid Said, mtawala wa Omani na Unguja, mwaka 1833, na mwaka 1837 ikafungua ubalozi mdogo kisiwani. Meli za Salem, Massachusetts, zilileta kitambaa cha pamba ambacho babu na bibi zetu walikiita merikani, zikaondoka na pembe. Kati ya bandari na bara palikuwa na mwendo wa miezi, na aliyeutembea alikuwa mpagazi. Wengi wa wapagazi hao walitoka Unyamwezi na Usukuma. Watu wa pwani mara nyingi waliwaita wote Wanyamwezi, kwa hiyo mchango wa Msukuma umemezwa na jina la jirani yake. Walibeba pembe mabegani, ile nzito ikifungwa kwenye mti na kubebwa na wawili. Mwanahistoria Stephen Rockel ameonyesha kwa ushahidi mwingi kwamba sehemu kubwa ya wapagazi hao walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira, wenye taratibu zao za kudai posho na hata za kugoma, tofauti na picha ya misururu ya watumwa waliofungwa minyororo tuliyoizoea vitabuni. Minyororo ilikuwepo, na mfanyabiashara wa pembe Tippu Tip, aliyesimulia maisha yake kwa Kiswahili, hakuificha. Lakini njia ya pembe ilikuwa pia ya kazi ya kuajiriwa, na Msukuma aliifanya kwa hesabu zake mwenyewe: akirudi nyumbani alirudi na nguo, majembe na hata mtaji wa ng'ombe.

Kabla ya mpagazi palikuwa na mwindaji. Usukumani wawindaji wa ndovu walikuwa na chama chao, Bayege, chenye mafunzo na dawa zake, na chenye nyimbo zake. Nyimbo za Bayege, za wapagazi na za wakulima zimehifadhiwa katika kitabu kikubwa cha Frank Gunderson kuhusu nyimbo za kazi za Wasukuma, kilichotoka mwaka 2010, chenye mamia ya nyimbo pamoja na tafsiri zake. Hapa kuna jambo ambalo halijapewa uzito wake. Mnyororo mzima wa kazi uliozaa kibonyezo cha piano, kwa upande wetu, ulikuwa mnyororo wa watu wanaoimba. Mwindaji aliimba, na mpagazi akaimba ili miguu yake ifuatane na ya wenzake. Muziki uliitangulia piano kwenye malighafi yake.

Ng'ambo ya bahari, pembe hizo ziliishia kwa wingi katika miji miwili midogo ya jimbo la Connecticut, Deep River na Ivoryton, huu wa pili ukiwa umepewa jina la bidhaa yenyewe. Makampuni mawili, Pratt, Read & Co. na Comstock, Cheney & Co., yaliikata pembe, yakaipanga kwenye nyumba za vioo ili jua liifanye nyeupe, kisha yakaviuzia viwanda vya piano. Pembe moja kubwa iliweza kutoa vibonyezo vya makumi ya piano. Mahitaji nayo yalikuwa makubwa: mwaka 1909 Marekani pekee ilitengeneza zaidi ya piano 350,000. Mtu aitwaye Ernst Moore, aliyekaa Unguja tangu mwaka 1907 akinunua pembe kwa niaba ya kampuni ya Kimarekani, baadaye aliandika kitabu, kikatoka mwaka 1931, ambacho jina lake tu linaiita pembe balaa la Afrika. Mnunuzi mwenyewe ndiye aliyekiri.

Wakati huohuo Ulaya ilikuwa ikijenga kumbi ambazo leo tunaziita za kihistoria. Mfano ulio wazi kuliko yote ni Wigmore Hall ya London. Ukumbi huo ulifunguliwa Mei 31, 1901, kwa jina la Bechstein Hall, kwa sababu waliojenga ni kampuni ya piano ya Kijerumani, Bechstein, kando ya duka lao, ili watu wasikie bidhaa kabla ya kuinunua. Usiku wa ufunguzi alipiga Ferruccio Busoni, mmoja wa wapiga piano wakubwa wa zama zake. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipozuka, mali ya Wajerumani ikataifishwa. Ukumbi ukauzwa mwaka 1916, na mwaka uliofuata ukafunguliwa tena kwa jina lake la sasa. Una viti 550 hivi tu, lakini mpigaji akialikwa pale anajua amefika. Tunachojifunza ni kwamba hata ukumbi unaoheshimiwa kiasi hicho haukuanza kama hekalu la sanaa. Ulianza kama sehemu ya biashara ya piano, na biashara hiyo wakati ule haikuwezekana bila pembe. Ukumbi wa London ulipojengwa, wapagazi wa nyanda hizi walikuwa wamekwisha kutembea njia ile kwa zaidi ya nusu karne.

Pingamizi zito la kwanza linakuja hapa, na linastahili kujibiwa kwa heshima. Msomaji atasema: kama hayo ndiyo mahusiano yetu na piano, basi ni mahusiano ya damu. Ndovu waliuawa, vijiji vilivamiwa, watu waliuzwa, unatutaka tujivunie? Sitaki tujivunie. Nataka tukubali kwamba urithi unaweza kuwa na maumivu na bado ukawa wetu. Reli ya kati ilijengwa na wakoloni kwa faida yao, na hakuna anayesema Msukuma asipande treni Malampaka kwa sababu hiyo. Isitoshe, swali la ndovu limekwisha kupatiwa jibu la vitendo. Viwanda vingi vya piano vilianza kuachana na pembe katikati ya karne ya 20 vikahamia plastiki, na mwaka 1989 Tanzania yenyewe ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopendekeza ndovu wa Afrika apewe ulinzi wa juu kabisa katika mkataba wa kimataifa wa CITES, hatua iliyofunga biashara ya pembe kati ya nchi na nchi. Simiyu ina Pori la Akiba la Maswa, linalopakana na Serengeti, na ndovu wamo. Mkoa unaowalinda ndovu una haki zaidi ya kusimulia habari ya piano kuliko ukumbi wowote wa Ulaya, ambako mpigaji hukaa mbele ya vibonyezo na hakuna anayetaja vilikotoka. Onyesho la Sola lingeweza kuanza na maelezo hayo, kwa Kisukuma na Kiswahili, kabla ya noti ya kwanza.

Pingamizi la pili linahusu ukoloni wa kumbi, na ushahidi wake uko Nairobi. Ukumbi wa Taifa wa Maigizo wa Kenya ulifunguliwa mwaka 1952, mwaka uleule serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari, na kwa miaka mingi ulikuwa mahali ambapo walowezi walitazamana wao kwa wao. Hata baada ya uhuru mlango haukufunguka wenyewe. Mwaka 1976 waandishi Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Mugo walipotaka kuonyesha tamthilia yao kuhusu mpigania uhuru Dedan Kimathi, walipewa siku chache tu, zilizobanwa kati ya maonyesho ya kigeni. Mtu aliyeisoma habari hiyo ana haki ya kuuliza kwa nini tujenge Simiyu kile ambacho wenzetu walipambana nacho. Lakini tuangalie walichopigania. Ngũgĩ na Micere hawakudai ukumbi ubomolewe, walidai ratiba. Kosa la ukumbi ule lilikuwa kwenye ofisi yake, kwa mtu aliyeamua nani apande jukwaani na lini. Ukitaka kuukwepa ukoloni huo, jukwaa la kwanza la piano wilayani liwe mikononi mwa wenyeji tangu siku ya kwanza: kamati ya watu wa Maswa, wapigaji wa Maswa wakitangulia, mgeni akifuata.

Wapo wapigaji? Wapo, ila tumezoea kutowaita hivyo. Karibu kila parokia na kila usharika wenye kwaya hai katika ukanda huu una mpiga kinanda, na huyo ndiye mwanamuziki anayesoma muziki zaidi ya wote kijijini. Walimu wa kwaya hufundisha kwa solfa, mfumo uliosambazwa na Mwingereza John Curwen katika karne ya 19 na ukaenezwa Afrika na wamisionari. Nakala za solfa zenye sauti nne zinasafiri leo kutoka kwaya hadi kwaya, siku hizi kwa simu zaidi kuliko kwa karatasi. Watunzi wa Kikatoliki wa Tanzania, kuanzia Padri Stephen Mbunga, aliyechapisha mwaka 1963 utafiti wake juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu, hadi John Mgandu na Bernard Mukasa, wamejenga hazina ya nyimbo ambayo mpiga kinanda wa kijijini anaibeba vidoleni. Utangulizi wa wimbo na kuhama kutoka ufunguo mmoja hadi mwingine bila kuipoteza kwaya ni ufundi uleule unaofundishwa kwenye vyuo vya muziki. Anachokosa mtu huyu ni nafasi. Jumapili yake yote anasindikiza: padri akianza anamfuata, kwaya ikichoka anaibeba, watu wakitoka nje anapiga huku wakisalimiana. Hajawahi kupewa nusu saa ambayo watu wameketi kwa ajili yake. Onyesho la piano, kwa maana yake ya msingi, ni nusu saa hiyo.

Hilo la watu kutoandaliwa linashindwa pia na ushahidi kutoka kwa majirani. Korogocho, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, mradi wa Ghetto Classics ulianza mwishoni mwa miaka ya 2000 katika eneo la kanisa, na leo vijana waliokulia kando ya jalala la Dandora wanapiga Beethoven pamoja na tungo za Kiafrika. Kinshasa, Armand Diangienda, aliyekuwa rubani, aliunda mwaka 1994 okestra ya waumini wa Kanisa la Kimbangu, ambayo wapigaji wake wa mwanzo walipokezana violini chache kwa zamu. Zanzibar, chuo cha muziki cha DCMA kilianzishwa mapema miaka ya 2000 katika jengo la kale la forodha, na piano ikafundishwa pamoja na kanuni na udi. Katika sehemu zote hizo hakuna aliyesubiri wasikilizaji waandaliwe. Walicheza, na wasikilizaji wakapatikana.

Usukuma una jambo moja ambalo Korogocho na Kinshasa hazina, nalo ni mashindano ya ngoma. Baada ya mavuno, vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu hukabiliana uwanjani, makundi mawili yakicheza kwa wakati mmoja. Watazamaji ndio waamuzi: kundi linalowavuta wengi upande wake ndilo limeshinda. Hebu fikiria mafunzo yaliyomo katika desturi hiyo. Mtoto wa Kisukuma anakua akijua kwamba muziki unahukumiwa, kwamba kuna anayejua na anayebahatisha, na kwamba yeye mwenyewe lazima achague asimame wapi. Hayo ndiyo maandalizi hasa ya msikilizaji wa piano. Anayehofia kwamba piano itaua ngoma anasahau pia kwamba ngoma hizi hazijawahi kuogopa kitu kipya. Wachezaji wameingiza gwaride la askari, sanamu za mbao, wanyama na hata ndege uwanjani, na ngoma zimebaki za Kisukuma. Piano, tukumbuke, ni chombo cha kugonga. Akin Euba wa Nigeria aliliona hilo miaka mingi iliyopita, akatunga kazi za piano zinazoichukulia kama ngoma na marimba, na Kwabena Nketia wa Ghana akaandika vipande 12 vya kufundishia piano kwa misingi ya midundo ya Kiafrika. Bado hatujapata kipande cha piano kilichojengwa juu ya mdundo wa ngoma ya Kisukuma ya bugobogobo kinachopigwa kila mahali kama zipigwavyo kazi za Chopin. Atakayekiandika ana uwezekano mkubwa wa kutokea kwenye kiti cha kinanda cha kanisa fulani kati ya Maswa na Bariadi, akipewa sababu ya kukiandika.

Limebaki pingamizi la fedha, na kulikwepa ni kutokuwa mkweli. Mkoa huu uliozaliwa mwaka 2012 bado una foleni ya mahitaji: maji, zahanati, vyumba vya madarasa. Piano ya mbao ya ukubwa wa ukumbi ni ghali kuliko nyumba nyingi, na kiangazi kirefu cha Simiyu kingekausha na kupasua ubao wake wa sauti, na fundi wa kuityuni angetoka mbali. Kuinunua leo lingekuwa kosa. Lakini kinanda cha umeme chenye vibonyezo 88 vyenye uzito wa piano kinapatikana kwa bei inayokaribiana na ya pikipiki ya bodaboda, hakihitaji kutyuniwa, na betri ya sola inatosha kukiendesha kwa jioni nzima. Jukwaa ni ukumbi wa kanisa au wa shule. Majira ni Julai au Agosti, pamba ikiwa imeuzwa na jembe limepumzika, wakati uleule wa ngoma. Wala fedha hizo hazitoki kwenye mfuko wa zahanati. Ni michango ya aina ileile ambayo kwaya huchangisha kurekodi albamu, na kwaya za Simiyu zimekwisha kuthibitisha kwamba zinaweza kuchangisha. Ubao wa kufundishia nota ukihitaji chaki, Maswa inazitengeneza yenyewe.

Linalohitaji uangalifu zaidi ya fedha ni adabu ya usikilizaji, kwa sababu hapo ndipo onyesho zuri linaweza kuharibiwa na watu wenye nia njema. Franz Liszt, aliyezoesha Ulaya wazo la mpigaji mmoja kubeba jioni nzima, kuanzia Roma mwaka 1839 na London mwaka 1840, hakupigia watu waliokaa kama wako mtihanini. Walishangilia katikati ya muziki, wakataka kipande kirudiwe, na yeye kati ya kipande na kipande alishuka kuzungumza nao. Ukimya mzito wa kumbi za sasa ulikuja baadaye, taratibu, na Ulaya yenyewe imeanza kuulegeza. Kwa hiyo anayeandaa jioni ya Sola asifike na tangazo la kuwafundisha watu kunyamaza, wala asipange viti kama vya mahakamani. Aweke kinanda katikati, viti vikizunguka pande zote kama uwanjani. Aweke wapigaji wawili, mmoja wa Bariadi na mwingine wa Maswa, wapokezane kipande kwa kipande: Bach kwa huyu, Mgandu kwa yule, kisha kila mmoja na utunzi wake mwenyewe. Akina mama wakipiga vigelegele katikati ya Bach, mpigaji aendelee kupiga.